Kabureta Haijafa, Ni Wewe Hujaifungua

Wasee, leo sina utani. Nataka tuongee kuhusu ile chupa.

Unaijua. Chupa ya soda ya plastiki, imekatwa juu, imefungwa na waya chini ya injini ili petroli ikidondoka isimwagike. Nimeiona kwa bodaboda Kayole. Nimeiona kwa jenereta ya kinyozi. Na Desemba nikaikuta Diani, chini ya kwadi ya kazini kwa binamu yangu, zile pikipiki za magurudumu manne ambazo watalii huendesha kwa njia za vumbi nyuma ya Ukunda, katikati ya minazi na mikorosho. Chupa ilikuwa imefika nusu. Hatua tatu kutoka hapo, mteja mmoja alikuwa anatafuta kiberiti mfukoni huku sigara iko mdomoni.

Nikamuuliza binamu, "Hii ni nini?"

Akanijibu kama mtu anakuambia leo kuna jua. "Kabureta inavuja. Tumezoea."

Hiyo "tumezoea" ndiyo imenifanya niandike.

Msimamo wangu ni huu, na najua kuna watu utawaudhi: kabureta inayovuja haifai kuzoewa, na pia haifai kutupwa kabla haijafunguliwa. Sisi tumegawanyika kambi mbili tu. Kambi ya chupa inasema "wacha ivuje, bado inawaka." Kambi ya boksi inasema "hiyo imekufa, nunua mpya." Wanatukanana kila siku, lakini ukiwaangalia vizuri ni watu wamoja. Hakuna hata mmoja ameuliza inavuja wapi na kwa nini.

Na kabla uniite mjuaji, ngoja nikiri. Mimi nilikuwa kambi ya boksi. Tena nilikuwa mwenyekiti.

Iko hivi. Hiyo kwadi ilivuja mara ya kwanza mwezi wa Agosti. Binamu akanipigia, kwa sababu kwa familia mimi ndiye "msee wa mashine." Nina klipu kadhaa za kukagua pikipiki, nina kofia, nina mdomo. Sikumuuliza inadondokea wapi. Sikumuuliza kama ni injini ikiwaka au ikizimwa. Nilimwambia, "Achana na hiyo takataka, weka mpya." Nikaenda Barabara ya Kirinyaga, nikanunua kabureta kwa shilingi 9,500, nikafungua boksi mbele ya kamera, nikageuzageuza chuma kinang'aa, halafu nikaituma na basi la usiku. Klipu ilitembea. Watu walipenda. Mimi nilifurahi.

Mwenye kwadi naye akasema kabureta imeharibikia mikononi mwa binamu, kwa hivyo binamu atalipa. Akamkata mshahara miezi mitatu. Septemba, Oktoba, Novemba. Binamu hakuniambia. Nilikuja kujua Desemba, nikiwa nimesimama juu ya ile chupa, nikiangalia kabureta yangu mpya, ile ya klipu, ikidondosha petroli mahali palepale ambapo ya zamani ilikuwa inadondosha.

Mpya. Miezi minne. Mahali palepale.

Manze, hapo ndipo akili inapaswa kuamka.

Wenye kwadi walikuwa tayari wameipeleka kwa gereji moja. Hawakuifungua. Waliiangalia kwa nje, wakanusa, wakasema hii ni ya bei rahisi ndiyo maana imekufa, leteni ya asili, shilingi 22,000. Na binamu alikuwa amekaa kwenye gurudumu la nyuma, kimya, akihesabu kichwani ni miezi mingapi tena atafanya kazi bure.

Tukaenda kwa Mjomba. Mjomba hutengeneza injini za boti na pikipiki chini ya mwarobaini, karakana yake ni turubai na benchi la mbao. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, tukaanza kumweleza kwa kirefu jinsi kabureta ilivyokufa. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Mumeifungua?"

"Bado, Mjomba."

"Basi mwajuaje imekufa?"

Sikuwa na jibu. Na nataka uniambie kama wewe unalo.

Sasa, kwa sababu ubishi bila maarifa ni kelele, wacha nieleze hiki kitu kinafanyaje kazi. Hakina uchawi. Kama umewahi kufungua tangi la choo cha kuflashi, umeshaelewa nusu. Kuna boya linaloelea. Maji yakipanda, boya linapanda, linafunga valvu. Maji yakishuka, boya linashuka, valvu inafunguka. Choo kikilia usiku kucha, hubomoi bafu. Unafungua kifuniko unaangalia boya na mpira.

Kabureta ni hivyohivyo. Chini yake kuna bakuli dogo. Ndani ya bakuli kuna boya. Juu ya boya kuna sindano fupi yenye ncha, mara nyingi ncha ya mpira, inayoingia kwenye tundu linaloitwa kiti. Petroli ikijaa kiasi chake, boya linasukuma sindano kwenye kiti, mafuta yanakatika. Hayo tu. Ufundi huu wa boya na sindano umekuwepo tangu miaka ya 1890. Babu wa babu yako angeuelewa akioneshwa kwa dakika tano.

Sasa sikiliza sababu za kuvuja, uone zinavyohesabika kwa vidole. Ikidondoka kupitia kile kimpira cha kumwagia chini ya bakuli, maana yake sindano haifungi: kuna uchafu kwenye kiti, au ncha imelika, au boya limekwama, au boya limetoboka na kujaa petroli kwa hivyo haliwezi kuelea. Ikilowa kwenye maungio ya bakuli, ni gasketi au oringi. Ikitoka kwenye skrubu ya kumwagia iliyo chini kabisa, ni skrubu yenyewe au kioringi chake. Na kama mashine imeegeshwa mteremkoni imelala upande, inaweza kumwaga bila ugonjwa wowote, kwa sababu boya linadanganywa na mlalo. Kwa hivyo kabla ya yote, iweke mahali pa tambarare.

Umehesabu? Hakuna hata moja kati ya hizo inayosema "tupa."

Mjomba alianza na vitu ambavyo mimi, msee wa kofia, sijawahi kuonyesha kwa klipu yoyote. Alifunga koki ya petroli. Alingoja injini ipoe. Aliuliza nani ana sigara na akamfukuza mpaka barabarani. Halafu akachukua chupa ya glasi, safi, akalegeza ile skrubu ya chini na kumwaga petroli ya bakuli ndani yake. Akaiinua kwenye jua.

"Tazama."

Chini ya chupa kulikuwa na matone ya maji yamejikusanya kama shanga, kwa sababu maji ni mazito kuliko petroli na hayachanganyiki nayo. Na juu ya zile shanga kulikuwa na vumbi jekundu. Kutu.

Bado hata hajafungua bakuli, na tayari tumejua zaidi ya walivyojua gereji, na zaidi ya nilivyojua mimi mwezi wa Agosti.

Akafungua skrubu nne za bakuli na bisibisi iliyoenea sawasawa kwenye nyota yake, kwa sababu bisibisi ikiwa legelege inakula kichwa cha skrubu na hapo ndipo matatizo huzaana. Akalitoa boya, akalitikisa sikioni kusikia kama kuna petroli ndani. Hakuna. Kwa kuhakikisha akalizamisha kwenye maji ya moto, kwa sababu boya lenye tundu hutoa viputo. Hakuna kiputo. Akachomoa sindano, akanipa, akaniambia pitisha ukucha kwenye ncha. Ukucha ukakwama. Kulikuwa na mkwaruzo mwembamba kama uzi kwenye ule mpira. Na ndani ya kiti, kipande cha kutu kidogo kuliko punje ya mchele.

Hicho ndicho kilikuwa kinatugharimu shilingi 22,000. Punje.

Lakini Mjomba hakusherehekea. Aliuliza swali la pili, na hili ndilo ambalo kambi ya boksi hatujawahi kulifikia: "Kutu hii yatoka wapi?"

Kabureta ni ya alumini. Haitoi kutu jekundu. Tukafuata mpira wa petroli kurudi nyuma. Mahali pa filta hapakuwa na filta. Mtu alishaitoa zamani, akaunganisha mpira moja kwa moja, pengine kwa sababu ilikuwa imeziba na akaona "inazuia mafuta." Tukafungua kifuniko cha tangi, tukamulika kwa pembeni, na huko ndani ukuta ulikuwa mwekundu kama udongo wa Voi. Kwadi hizo hukaa miezi ya mvua ndefu bila kazi, tangi nusu tupu, kwenye hewa ya bahari. Unyevu unaganda ndani ya chuma, chuma kinaoza, kutu inasafiri na petroli, na hakuna filta ya kuikamata.

Sasa niambie. Kabureta mpya ingefanya nini hapo? Ningeweza kuleta kabureta ya dhahabu kutoka Japani. Tangi lingeipelekea kutu ileile, kwa mpira uleule, bila filta ileile ambayo haipo. Ile ya Agosti haikuwa fake. Ile ya zamani pengine pia haikuwa imekufa. Binamu alilipa 9,500 kununulia uchafu nyumba mpya.

Hilo ndilo neno langu leo. Kitu kipya si jibu kama hujauliza swali.

Tulifanya nini? Tangi likashushwa. Mjomba akatia siki na nati ndogo 30, akazihesabu moja moja, akatikisa, akaliacha usiku kucha. Asubuhi akazimwaga, akazihesabu tena mpaka 30, akasuuza kwa maji yenye magadi, akalianika juani mpaka likakauka kabisa, mwisho akalisuuza kwa petroli kidogo. Tukaweka sindano mpya na kiti chake na gasketi, mpira mpya, na filta. Ile ya mtu kuweka silikoni kwenye maungio ya bakuli akidhani anaziba, Mjomba alinikataza kabisa: petroli huilegeza silikoni nyingi, inavunjika vipande, vinaenda kuziba jeti. Na jeti hazichokonolewi kwa waya wa chuma, ni shaba nyororo, ukipanua tundu umebadilisha kipimo cha mafuta milele.

Halafu akachomoa kijiti cha kupimia mafuta ya injini, akanusa, akanipa ninuse. Petroli. Na kiwango kilikuwa juu ya alama. Wasee, hii sehemu muisikie vizuri, hasa nyinyi wa kambi ya chupa. Kabureta ikifurika, si yote hudondoka nje mkaiona. Nyingine huingia ndani ya silinda, inaosha mafuta ukutani, inateremka mpaka chini, inafanya oili kuwa nyepesi kama maji. Injini inaendelea kuwaka, wewe unaendelea kuzoea, na huko ndani chuma kinakula chuma. Siku pistoni itakwama utasema mashine za siku hizi ni mbovu. Kwa hivyo oili ilimwagwa na kubadilishwa kabla hatujagusa stata.

Hesabu hii hapa. Seti ya sindano na gasketi, shilingi 650. Filta 100. Mpira wa petroli 150. Oili 1,300. Ufundi wa Mjomba, 500. Jumla shilingi 2,700. Gereji ilitaka 22,000, na bado tangi lingebaki na kutu.

Sasa nirudi kwa ile sigara.

Tunaishi nchi ambayo inajua petroli inafanya nini. Sachang'wan, Januari 2009. Sinai, Nairobi, Septemba 2011. Kila mahali watu zaidi ya 100 waliaga. Najua zile zilikuwa lori na bomba kubwa, hazikuwa kabureta. Lakini mafuta ni yaleyale. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kutambaa chini, na petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sufuri. Diani kwa jua la saa sita mchana je? Hiyo chupa haikuzuii kuungua. Hiyo chupa ni petroli uliyoipanga vizuri karibu na bomba la moshi, wazi, juu ya mashine inayotikisika, na juu yake umekalisha mtoto wa mtu.

Kwa hivyo ukiniambia "bado inawaka," nakubali. Ndiyo shida yenyewe.

Najua maneno yanayokuja. Nimeshayasikia, mengine niliyasema mimi mwenyewe.

"Muda ni pesa." Sawa. Kazi ya kabureta yenyewe, kuifungua mpaka kuirudisha, ilichukua chini ya saa moja. Kilichochukua muda ni tangi, na tangi lilikuwa linangoja tangu Agosti. Ulipokimbilia boksi hukuokoa muda, uliukopa. Umekuja kulipa Desemba, msimu wa wageni, kwadi imelala na binamu amelala nayo.

"Mafundi wa jua kali ni waharibifu." Baadhi yao, ndiyo. Nimeona jeti imechokonolewa na msumari, sitadanganya. Lakini jiulize ni nani aliwafundisha hivyo. Sisi wateja tunalipa 9,500 ya chuma bila kupumua, halafu tunalia na 500 ya akili. Fundi akikuambia "nimekaa saa nzima nikitafuta chanzo," unamwambia "na umebadilisha nini?" Kama hajabadilisha kitu unaona umeibiwa. Basi amejifunza. Siku hizi anabadilisha kitu, chochote, ndiyo alipwe. Tumelea kubadilisha, tumeua kutafuta, sasa tunashangaa hakuna mtu anatafuta.

"Spea nyingi ni bandia." Kweli kabisa. Hiyo ndiyo sababu zaidi ya kujua kuangalia. Hata mpya kutoka kwa boksi inaweza kuwa na chembe za chuma kiwandani au boya lisilopimwa. Asiyejua kufungua bakuli atajuaje?

"Hizo ni mambo ya kizamani, sasa ni injekta na umeme." Nimefurahi kwa ajili yako. Boda za umeme ziko barabarani Nairobi, tunaziona, na pikipiki mpya nyingi zinakuja na injekta. Lakini kwadi ya binamu inawaka leo kwa kabureta, na wateja wanapanda leo. Halafu injekta nayo haipendi kutu ya tangi, inaziba vizuri tu. Na umeme na hewa ya chumvi si marafiki. Teknolojia itabadilika. Tabia ya kutouliza "imetoka wapi" utaibeba nayo mpaka kwa betri, na betri ni ghali kuliko kabureta.

Na sitaki mtu aondoke hapa akisema nimekataza kununua. Kuna siku kabureta imekwisha kweli. Mwili umepasuka. Kiti kimelika na ni cha aina isiyotoka. Nyuzi za skrubu zimekwisha, bakuli haliwezi kukaza tena. Hapo nunua, hata Mjomba atakuambia nunua. Lakini utakuwa unanunua ukijua kwa nini, na utakuwa umesafisha tangi kwanza. Hiyo ni tofauti ya mtu mzima na mtoto dukani.

Sasa tugeuke kwetu, sisi wa klipu, kwa sababu siwezi kumtupia gereji mawe nikijificha.

Kufungua boksi kuna watazamaji. Kufungua bakuli hakuna. Kabureta mpya inang'aa, ina karatasi inayolia kwa maikrofoni, ina lile neno "mpya" ambalo vidole haviwezi kulipita. Petroli yenye kutu ndani ya chupa ya glasi haipendezi mtu. Ndiyo maana tumejaza mtandao na watu wa miaka 22 wanaoonyesha vitu vipya wasivyojua kuvirekebisha, na watu wa miaka 17 wanaamini ndio umakanika. Mimi nilikuwa mmoja wao. Sikusema uongo hata neno moja kwa ile klipu, na bado iliumiza mtu ninayempenda kwa miezi mitatu. Fikiria hiyo. Unaweza kuharibu bila kudanganya. Inatosha kuzungumza kwa uhakika kuhusu kitu ambacho hujakifungua.

Mjomba hana cheti cha NITA hata cha gredi ya tatu. Anajua hilo, anasema siku moja akipata nauli na nafasi ataenda kufanya mtihani. Mimi sina gredi yoyote pia, lakini watu huniuliza mimi. Hapo kuna kitu kimepinda, na si yeye aliyekipinda.

Kwa hivyo naomba kitu kidogo. Sisemi uwe fundi. Nasema wiki hii, kabla ya kusema kitu chochote kimekufa, iwe ni kabureta, pasi, redio ya mama, mwombe mtu anayejua akifungue ukiwa umesimama hapo. Uliza maswali mawili ya Mjomba. Umeifungua? Na hii imetoka wapi? Lipa hayo maswali kama unavyolipa spea. Na kama kuna chupa chini ya mashine yako sasa hivi unaposoma, funga koki. Usimalize hata hii sentensi kwanza.

Klipu ya Agosti sijaifuta. Nimeandika juu yake kwamba hapo nilikosea, na nimeeleza kosa. Imepoteza watu, wacha iwapoteze.

Na ile 9,500 namrudishia binamu. Haikuwa deni lake hata siku moja. Alikataa, nikamwambia si zawadi. Wiki jana nimetuma 3,000 kwa M-Pesa, nikangoja anitukane au anishukuru. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alijibu maneno manne tu:

"Filta nimeangalia. Ni safi."